Damu ya Damiani

"Uboho! Watu wanataka kukutoa uboho kwenye mifupa, na wewe umekaa hapo unafunga kuku miguu kama vile umeambiwa ukanyoe nywele tu!"

Huyo ni dada yangu Jesca, anamfokea mume wake Damiani. Ilikuwa asubuhi, nyuma ya nyumba yao pale Mkiwa. Mimi nilipita kuchukua spana yangu, nikakuta moto umeshawaka. Kuondoka ikawa aibu, kubaki nako aibu.

Damiani hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti katikati ya kuku, anawapanga kwenye tenga mmoja mmoja.

"Hawatoi wote," akasema. "Wanachukua kidogo."

"Kidogo! Mfupa wa mbuzi ukishanyonywa uboho unabaki nini? Si unatupiwa mbwa?"

"Mimi sio mbuzi, Jesca."

"Ungekuwa mbuzi ningejua nikufunge wapi! Mwaka wa pili huu tumeoana, hata mtoto mmoja hatujapata. Nguvu za mwanaume zinakaa wapi kama sio kwenye mifupa? Ukirudi huko umebaki ganda, mimi nitakuwa nimeolewa na nani? Na ganda?" Akanigeukia. "Na wewe Benson, umesimama hapo kama nguzo ya umeme. Mwambie shemeji yako!"

"Mimi nimefuata spana," nikasema.

Damiani akacheka. Halafu akaacha, akafunga kuku wa mwisho, akasimama na kujipangusa manyoya kwenye suruali.

"Jesca, sikiliza. Winfrida akifa, na mimi uboho umejaa kwenye mifupa yangu, huo uboho nitaufanyia kazi gani?"

Dada yangu akageuka. Akaingia ndani, akabamiza mlango wa bati mpaka majirani wakachungulia. Damiani akapakia tenga kwenye pikipiki na kuondoka. Nami spana sikuipata siku ile.

Huyu Damiani ni mtu wa kuku. Ukisimama pale njia panda Mkiwa ukamuuliza mtu yeyote, atakuonyesha. Aliishia darasa la saba kwao Sepuka, akaanza na baiskeli, anapita vijijini kukusanya kuku wa kienyeji, analeta barabarani kwa watu wa malori yanayokwenda Dodoma na Dar. Baadaye akapata pikipiki. Anamshika kuku mabawa, anamnyanyua mara moja, anamtazama jicho, anakwambia huyu atafika Dodoma au huyu atafia Manyoni. Nguo zake zina vumbi la kuku hata Jumapili. Kanisani watu wanamwachia nafasi kwenye benchi, na sio kwa heshima.

Anacheka sana. Mimi nimefanya kazi nyingi, nimekaa machimboni, nimeendesha bodaboda, nimechoma mkaa, na zote nimeziacha. Yeye nilikuwa namwona mtu aliyelala, miaka yote kuku tu. Hivyo ndivyo nilivyomjua kabla ya haya mambo.

Winfrida ni mdogo wake wa mwisho. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na tatu, ila ukimwona ungempa tisa. Alizaliwa na siko seli, ile wanayoiita selimundu. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao: seli za damu badala ya kuwa mviringo zinajikunja kama mundu wa kukatia majani, zinakwama kwenye mishipa, na zikikwama mifupa inauma. Inauma vipi sisi hatukujua. Tulichokuwa tunajua ni kelele zake. Mwezi wa saba, upepo wa kwetu ukianza kuvuma na baridi yake, mama yao, Mama Emiliana, alikuwa anaanza kuogopa hata kabla mtoto hajalia.

Damiani akiwa kijana wa nyumbani ndiye aliyekuwa anambeba. Maumivu yakimshika, mtoto hakutaka kulazwa wala kukalishwa, alitaka kubebwa mgongoni na kutembezwa. Basi Damiani anamfunga kwa kanga ya mama kama mwanamke, anazunguka naye uwanjani mpaka kuchwe. Wenzake walikuwa wanamtania, "Mama Winfrida, leo umepika nini?" Anawajibu, "Mlenda, karibuni!" na anaendelea kuzunguka.

Kabla ya Winfrida kulikuwa na mwingine, Laurenti. Yeye alikwenda na ugonjwa huohuo akiwa hata shule hajaanza. Kwa hiyo mle ndani kila mtu alijua njia hiyo inaishia wapi.

Halafu Winfrida akapata kiharusi. Mtoto! Alikuwa anaosha vyombo, sahani ikamdondoka, mkono wa kushoto ukalegea, mdomo ukaenda upande. Walimkimbiza Singida, akapelekwa Dodoma kwenye hospitali kubwa, mkono ukarudi kidogo kidogo. Daktari wa huko, mama mmoja mpole, akawaambia kiharusi kikishakuja mara moja kinajua njia, kitarudi. Dawa zipo za kupunguza, damu ya kuongezewa ipo. Ila kama wanataka kuung'oa ugonjwa wenyewe kuna kitu kimoja: kumtoa uloto wake mbovu na kumpandikiza wa ndugu yake. Uloto ndio huohuo uboho wetu, ule ute wa ndani ya mfupa.

Wakapimwa ndugu wote wa tumbo moja. Dada yao Catherine hakufanana na Winfrida. Damiani alifanana. Daktari alisema walifanana kwenye vipimo vile kama vile mtu mmoja amepigwa picha mara mbili.

Hapo ndipo dada yangu alipolipuka.

Wiki ile alininunia hata mimi. Mwisho akaniambia, "Benson, nipeleke Dodoma. Nikaongee na huyo daktari mwenyewe, halafu nirudi na mume wangu." Damiani alikuwa ameshatangulia na mama yake na mtoto. Tukapanda basi. Njia nzima Jesca alikuwa anafanya mazoezi ya maneno atakayosema, mdomo unacheza bila sauti. Mama mmoja kiti cha pembeni akadhani anasali.

Tulimkuta daktari kwenye chumba kidogo. Jesca akamsalimia vizuri, shikamoo, halafu akayamwaga yote: mbuzi, ganda, nguvu za mwanaume, mtoto ambaye hajaja. Nilitamani sakafu inimeze. Daktari hakucheka. Akavuta kiti karibu.

"Mama, nyumbani unalima kunde?"

"Nalima."

"Majani yake unachuma?"

"Si ndo mboga."

"Ukichuma leo, wiki zijazo unakuta nini?"

"Yamechipua tena," Jesca akasema. Daktari akasema, "Hatunyonyi mfupa. Ndani ya uloto kuna seli ndogo sana zinaitwa seli shina. Hizo ndizo zinazozaa damu yote, nyekundu na nyeupe, kila siku, toka mtu yuko tumboni mpaka anazikwa. Tunachuma chache. Zinazobaki zinachipua, na baada ya wiki chache mume wako anakuwa nazo zote kama zamani. Na mambo ya kuzaa hayakai huko kabisa."

"Kwa hiyo ni kuchuma," Jesca akasema taratibu. "Sio kung'oa."

"Kwa kaka ni kuchuma. Kwa mdogo wake ndo tunang'oa." Hapo sauti ya daktari ikabadilika. "Sikudanganyi, mama. Kwa yule mtoto ni jambo zito. Tunampa dawa kali za kusafisha uloto wake wote. Hapo katikati anakuwa hana kinga hata kidogo, mafua ya kawaida yanaweza kumchukua. Halafu tunampandikiza, tunasubiri. Zinaweza zikashika. Zinaweza zisishike, tukampoteza."

Akamweleza pia kwamba ugonjwa huu mtoto anaupata akipewa fungu bovu na baba na fungu bovu na mama. Damiani mwenyewe amebeba fungu moja, haumwi, wala halimzuii kutoa. Ila kwa kuwa wanataka watoto, na Jesca apimwe. Akapimwa, majibu yakaja hana. Dada yangu akatoka pale nje, akakaa kwenye ukingo wa maua, akalia. Sikumuuliza analilia kipi. Alipomaliza akajifuta na kuniambia, "Kanitafutie chapati, nimpelekee mume wangu." Habari ya kumrudisha nyumbani ikafia pale.

Siku zilizofuata Damiani alikuwa anachomwa sindano tumboni. Zilikuwa za kuziamsha zile seli shina, zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu, wazikamate huko. Walimwambia atasikia mifupa inauma kidogo. Siku ya tatu nilimkuta amekaa kitandani amejishika kiuno, jasho linamtoka. Mtu wa kucheka, hacheki.

"Vipi shemeji?"

"Benson." Alisema polepole sana. "Mifupa inauma kwa ndani. Sijui nikwambieje. Hakuna pa kushika." Akabadilisha mkao. "Yaani mtoto alikuwa analia hiki. Miaka yote ile namzungusha uwanjani, nilidhani najua. Kumbe alikuwa analia hiki."

Nilikaa naye tu.

Siku ya kuchuma ilifika. Nilikuwa nimejiandaa kuona visu. Aisee, hakukuwa na kisu hata kimoja. Walimlaza kitandani, sindano mkono huu, sindano mkono huu, katikati mashine ukubwa wa friji ndogo, inazungusha. Damu inatoka kushoto, inaingia kwenye mashine, mashine inachagua inachotaka, damu inarudi kulia. Unamwona mtu damu yake yote inapita mbele ya macho yake kwenye mrija, inazunguka kama maji ya kupoza mashine ya kusaga ya kijiji, na yeye anaongea! Anauliza bei ya kuku Dodoma! Niligusa ule mrija kwa mgongo wa kidole pale nesi aliporuhusu. Ulikuwa wa moto. Moto wa mtu.

Shida ni kwamba hakuruhusiwa kukunja mikono, na ilichukua masaa. Pua ikaanza kumuwasha.

"Jesca."

"Nini?"

"Pua."

Dada yangu akamkuna pua. Baada ya muda tena: "Jesca. Sikio." Akamkuna sikio. Nesi akasema, "Mama, leo umepata mtoto tayari." Mle ndani tukacheka wote, na Jesca ndiye aliyecheka zaidi. Aliendelea kumkuna kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake toka tuko wadogo, na mimi alikuwa ananikuna kwa mwiko.

Mwishoni wakatoa mfuko mmoja. Mdogo, ungetosha kwenye kiganja. Rangi yake kama rojo la nyanya. Basi. Nilitegemea sijui nini, kitu kinang'aa. Ndani ya rojo lile, daktari alisema, kuna mamilioni ya seli shina. Nesi aliubeba kwa mikono miwili, anatembea kama mtu aliyebeba yai la kuazima.

Winfrida alikuwa kwenye chumba cha peke yake, cha vioo. Nywele zilikuwa zimeisha zote kwa zile dawa, midomo imechubuka, macho makubwa. Uloto wake ulikuwa umeshafutwa. Mifupa yake ilikuwa kama nyumba zilizohamwa. Mama Emiliana alikuwa ndani naye, amevaa barakoa na gauni la hospitali. Sisi tulisimama nje ya kioo. Wakautundika ule mfuko kama dripu ya malaria, wakaunganisha na mrija ulioingia kwenye mshipa wa kifuani kwake. Tone, tone, tone. Haikufika hata saa moja mfuko ukawa umekauka.

"Imeisha?" Jesca akauliza.

"Kupandikiza kumeisha," daktari akasema. "Sasa zinatafuta njia."

"Nani anazielekeza?"

"Hakuna anayezielekeza. Zinaingia kwenye damu, zinazunguka mwili mzima, halafu zenyewe zinatambua mfupa uko wapi. Zinaingia, zinakaa, zinaanza kazi."

Nililifikiria hilo usiku kucha na bado nalifikiria. Mimi nimepotea Dodoma mjini mara mbili, na nina simu yenye ramani. Kitu kidogo hivyo, hakina jicho, hakina akili, kimetolewa kwa mtu wa Mkiwa, kimewekwa kwenye mwili wa mtu mwingine ambao hakijawahi kufika, na kinajua nyumbani ni wapi. Nani alikifundisha? Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu niliona hakuna jipya wanalonifundisha. Kama mwalimu angeniambia mwili una mambo haya, nadhani ningekaa mpaka wanifukuze.

Tukarudi Mkiwa sisi watatu, tukasubiri. Kila asubuhi kule wanamtoa Winfrida damu kidogo, wanahesabu seli nyeupe. Mama Emiliana anapiga simu, anasema, "Leo hamna." Kesho, "Hamna." Kesho kutwa akapata homa, wakampa dawa kwenye mshipa. Damiani akaacha kwenda vijijini. Alikuwa anakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, simu mkononi, tenga liko tupu. Watu wa malori wanamuuliza, "Kuku wako wapi?" Anasema, "Bado." Siku moja nilimkuta anajibonyeza mfupa wa mguu, taratibu, kama anayebisha hodi.

"Unafanya nini?"

"Nawaza seli zilizobaki humu, wenzao kule wanafanya nini."

Halafu simu ikaja. Tulikuwa tunakula mchana, ugali na mlenda. Akaweka spika. Mama Emiliana alikuwa analia, tukadhani ndo basi. Jesca akamshika mume wake bega. Kisha tukasikia, "Zimeshika! Damiani, zimeshika, daktari kasema seli zimeanza kuonekana, na ni zako, baba, ni zako!"

Damiani hakuruka wala hakupiga kelele. Alinyanyua mikono yake, yenye ugali kwenye vidole, akaitazama mbele na nyuma kama ameiazima.

Miezi ikapita ndipo wakawaruhusu kurudi Sepuka. Walipopima damu ya Winfrida, zile mundu zilikuwa zimepotea. Daktari alimpa mama picha mbili, ya zamani na ya sasa. Ya sasa mviringo tupu, kama sarafu. Na maajabu mengine: mtoto alizaliwa na damu ya kundi A, sasa ni O, kama kaka yake. Na ukiipima ndani kabisa inakuonyesha ni damu ya mwanaume. Mwili wa msichana, damu ya Damiani.

Ila daktari aliwapa masharti makali. Kinga yake bado changa kama ya mtoto mchanga. Maji ya kuchemsha, chakula cha moto, watu wengi hapana, vumbi hapana. Na ndege wa aina yoyote hapana, kuku wakiwemo, kwa sababu ya manyoya na kinyesi na vumbi lao. Mwaka mzima angalau.

Sasa mtu wa kwetu akitoka hospitali, unakwendaje kumwona mikono mitupu? Unakwenda na kuku. Kuku hai, miguu imefungwa, unamkabidhi mkononi, hiyo ndo heshima. Kukataa kuku wa mtu ni kumkataa yeye. Mama Emiliana aligawa kuku wake wote kwa majirani kabla ya kurudi, akachoma na banda. Watu wa Sepuka wakaona kuku hawapo, wakafikiri, maskini, ugonjwa umewamaliza mpaka kuku wameisha. Kwa hiyo siku ya Jumamosi wakaja wengi, na kila mmoja na kuku wake. Wengine wawili.

Damiani alikuwa amefika mapema kulinda. Akasimama pale penye miti ya minyaa inayozunguka boma, mikono ameinyoosha kama anazuia ng'ombe.

"Asanteni, asanteni sana, ila kuku waishie hapa. Na watu wasalimie kwa dirishani, tena mmoja mmoja."

"We Damiani umekuwa askari?" akauliza mama mmoja wa kwaya.

"Kuku wa kwetu wananuka?" akasema mwingine.

"Yeye kuku wake ni wa Dodoma, hawa wa kwetu sio hadhi yake!"

Wakacheka, ila kicheko kilikuwa na miiba. Wakarundika kuku chini ya minyaa, wanalalamika, kuku nao wanalalamika. Mimi na Jesca tulikuwa tunawasogeza kivulini. Hapo akatokea Babu Mughwai, baba wa marehemu baba yao kina Damiani. Mzee yule amenyooka kama mshale, fimbo mkono huu, jogoo mweupe kwapani mkono huu. Watu wakampisha.

"Shikamoo babu," Damiani akasema.

"Marahaba. Nipishe niingie kwa mke wangu." Winfrida ndiye anayemwita mke wake, toka amezaliwa.

"Babu, kuku hawezi kuingia."

"Huyu sio kuku, huyu ni jogoo."

"Hata jogoo, babu."

Mzee akamtazama mjukuu wake toka juu mpaka chini. Akaanza kuongea Kinyaturu, taratibu, na mimi nilielewa kila neno na nikatamani nisielewe. Alisema amemzika Laurenti kwa mikono yake. Alisema alikaa miaka kumi na tatu anangoja kumzika na huyu. Leo amepona, anataka kumwekea jogoo mapajani, na anazuiwa kwenye boma la mtoto wake mwenyewe, tena na mjukuu. "Jogoo wangu ana nini?" akamaliza kwa Kiswahili, wote wasikie.

"Jogoo wako hana kitu, babu," Damiani akasema. "Na mimi siingii."

"Wewe huingii wapi?"

"Humo ndani. Toka wamerudi sijaingia. Mimi ni mtu wa kuku, manyoya yako kwenye nguo, yako kwenye nywele, sijui yako mpaka kwenye mapafu. Nimeoga kwa jirani, nimevaa shati la Benson, na bado namsalimia dirishani. Damu iliyomo mle ndani ni yangu, babu. Yote. Na mimi sijamshika hata mkono."

Jogoo akapiga bawa, mzee akambana. Halafu akasogea kwa Damiani, akamnusa begani. Kweli, akamnusa! Akatikisa kichwa.

"Unanuka kuku."

"Ndo nakwambia."

Mzee akampa Jesca jogoo. Akaenda mpaka dirishani peke yake, akasimama hatua chache nyuma, akaegemea fimbo. Winfrida akatokea nyuma ya wavu, barakoa mdomoni, nywele zimeanza kuota kama manyoya ya kifaranga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Nasikia umekuwa mwanaume."

"Damu tu, babu."

"Sasa nitakuoa au utanioa?"

"Nitakuoa mimi. Utapika?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kisha nikamwona anauliza kitu kwa sauti ya chini, na mtoto anatikisa kichwa: hapana. Akauliza tena, akigusa goti lake, kiwiko chake, kifua chake. Hapana. Hapana. Hapana. Haumwi popote. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unapiga mpaka majani ya minyaa yanatetemeka, na mtoto amesimama kwa miguu yake, haumwi popote. Babu Mughwai akavua kofia. Aliishika tu kifuani na kumtazama, na watu wote waliokuja na kuku zao, waliokuwa wananung'unika, wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, wakabaki wanamtazama msichana dirishani kama watu wanaotazama mvua inakuja kwa mbali.

Aliporudi akasema, "Kuku wote hawa achukue Damiani. Akauze huko, anunue sabuni na dawa za huyo mtoto. Anayeona amedharauliwa aje kwangu." Hakuna aliyekwenda kwake.

Simu ya Damiani ikaita. Alikuwa dereva wa lori, yuko Mkiwa, anauliza mzigo. "Nipe masaa mawili," Damiani akasema, "usiondoke, leo nina mzigo hujawahi kuuona." Akaanza kupanga kuku kwenye matenga haraka haraka, anamnyanyua kila mmoja, anamtazama jicho. Winfrida akamwita kutoka dirishani, "Kaka! Unakuja lini?"

"Jumatano! Unywe maji ya kuchemsha!" akajibu bila kugeuka, kamba iko kwenye meno, kwa sababu tenga la nyuma lilikuwa linataka kuanguka. Akalikaza, akaruka juu ya pikipiki, akatoka mbio kuwahi lori, manyoya yanaruka nyuma yake barabara nzima.